Kitanda cha Upepo Katika Nchi ya Miiba

Mwanzoni mwa 1887, kabaila wa Hungaria, Samuel Teleki, aliondoka Pangani akiongozana na Ludwig von Höhnel, luteni wa jeshi la majini la Austria, Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu aliyezijua njia za bara, na wapagazi zaidi ya 200. Machi 1888 wakafika kwenye ziwa ambalo wenyeji walikuwa wakivua samaki humo tangu enzi na enzi, wakalibandika jina la Rudolf, mrithi wa kiti cha ufalme cha Austria. Leo tunaliita Turkana. Safari hiyo imesimuliwa sana kwa habari za tembo waliopigwa risasi na njaa iliyoukaba msafara ulipokuwa ukirudi kupitia nchi ya Waturkana. Habari ya usiku haisimuliwi: nani alilala juu ya nini, na nani alikibeba.

Katika misafara ya enzi hizo, mpagazi alibeba mzigo wa tajiri, kilo 30 hivi, kisha akafunga juu yake mkeka wake mwenyewe. Mzungu alilala juu ya kitanda cha kukunja kilichofika kambini kichwani pa mtu mwingine. Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani aliyekuja kuwinda Kenya mwaka 1909, alibebewa hata maktaba: vitabu vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe, mzigo mzima wa mtu mmoja. Maadamu mbebaji yupo, nani ahangaike kupunguza uzito wa kitanda?

Maana ujuzi wa kufungia hewa ndani ya kitambaa ulikuwapo. Charles Macintosh wa Scotland alipata hataza ya kitambaa kilichopakwa mpira mwaka 1823, na Charles Goodyear, Mmarekani, akapata yake mwaka 1844 kwa njia ya kuupika mpira pamoja na salfa ili usiyeyuke juani wala kupasuka kwenye baridi. Mwaka uleule Teleki alipoliona ziwa, John Dunlop alisajili gurudumu lake la upepo. Mwaka uliofuata, kampuni moja ya mji wa Reading, Massachusetts, ikaanza kutengeneza magodoro ya kujaza hewa. (Ulimwengu ulipoanza kuwa na kiu ya mpira, Kongo ya Mfalme Leopold ndiyo iliyoilipia: watu walichapwa, walikatwa mikono na kuuawa kwa ajili ya utomvu huo.) Magodoro yale ya turubai na mpira yalikuwa mazito, ya kufaa melini au nyumbani kuliko mgongoni.

Reli, malori na barabara ndivyo vilivyoua upagazi, baada ya vita vya 1914 hadi 1918 kuwamaliza maelfu kwa maelfu ya wabebaji ambao jina la kikosi chao limebaki Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Pale ambapo lori halifiki, mtembezi alijikuta yeye ndiye mpagazi wa nafsi yake. Kwa maoni yangu hapo ndipo godoro jepesi lilipopata sababu ya kuzaliwa.

Lilizaliwa Seattle. Kampuni ya ndege ya Boeing ilikuwa imefukuza wafanyakazi wengi mno mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakiwemo wahandisi Jim Lea na Neil Anderson. Wawili hao walichukua sponji yenye vitundu vilivyo wazi, wakaigundisha ndani ya kitambaa kisichopitisha hewa, wakatia valvu. Ukifungua valvu, sponji iliyobanwa hutanuka na kuvuta hewa yenyewe. Ukiifunga, umepata kitanda. Mwaka 1972 wakaanza kuliuza kwa jina la Therm-a-Rest. Siri yake ni kwamba hewa iliyotulizwa ndani ya vitundu haizunguki, basi haibebi joto la mwili kulipeleka ardhini. Siku hizi yapo magodoro yasiyo na sponji kabisa, yenye uzito usiofika nusu kilo, yanayokunjwa yakalingana na chupa ya maji.

Sasa lipeleke godoro hilo nchi ya Waturkana, huko Lokori, kwenye kingo za mto Kerio. Huko mchana hupita nyuzi 35 kwa wepesi, na mchanga hubaki na uvuguvugu hata jua likizama. Baridi ya ardhi si adui wa kutajwa. Adui ni mwiba. Migunga imejaa, na kuelekea Lodwar na Kakuma kuna mathenge, mti ulioletwa Turkana miaka ya 1980 kuzuia jangwa, ukageuka nduli. Wailchamus wa Baringo waliuchukia kiasi cha kumpeleka mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi awe ushahidi wa kilichompata kwa kula maganda yake. Mwiba unaotoboa gurudumu la bodaboda hautauogopa utando mwembamba wa nailoni. Anayelala na godoro hilo huko atangulize turubai nene chini, na akitobolewa, fundi wa pancha ndiye daktari wake.

Mturkana alikuwa ameshalijibu swali la kulala juu ya nini bila hewa. Mwanamume hutembea na ekicholong, kigoda kidogo cha mti chenye kishikio cha ngozi: akipumzika hukikalia, akilala hukiweka chini ya kichwa, hasa zamani alipokuwa na msuko wa nywele na udongo uliochukua saa nyingi kutengenezwa. Mwili hulala juu ya ngozi ya mnyama. Familia inapohama, ngozi hizo hupakiwa kwenye shogi za punda. Ngozi haitoboki kwa mwiba wa kawaida, haivuji upepo, na ikichakaa mifugo ipo.

Kakuma nako, tangu kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa mwaka 1992 kupokea vijana waliotoka Sudan kwa miguu, wakimbizi wamekuwa wakigawiwa mikeka ya plastiki pamoja na blanketi na madumu ya maji. Magodoro ya upepo, sidhani wangeyataka.