Jina Moja Kati ya Wadaiwa Wote

Mwenye duka alitaka orodha ya wadaiwa wake. Fankisheni niliyoweka ndani ya hifadhidata ikarudisha jina moja tu, bila kulalamika. Wengine karibu wasamehewe hivi hivi! Nikaanza kufukua historia.

PostgreSQL ilianza kama POSTGRES, chuoni Berkeley, 1986. Toleo la 7.3, mwaka 2002, liliwezesha fankisheni kurudisha mistari mingi yenye safuwima nyingi, ukaisoma kama jedwali. Toleo la 8.1, mwaka 2005, likaleta vigezo vya OUT: thamani kadhaa kwa mpigo. RETURNS TABLE ikafuata 2009.

Miaka yote hiyo sharti ni lilelile: tangaza mapema utakachorudisha. Mimi nilitangaza jina moja, nikapewa moja. Neno SETOF nilikuwa nimelisahau. Mashine haikukosea, buda.