Safari ya ovaloki hadi Bulla Pesa

Mwenye kujua nguo huligeuza dera ndani nje kabla ya kulipa. Mshono wa nje unaweza kunyooka vizuri sana, lakini ukingo wa kitambaa ukiachwa mtupu nyuzi huanza kuchambuka. Likifuliwa mara kadhaa, mshono huliwa taratibu hadi ubavu unafunguka. Katika Bulla Pesa, mtaa wa mji wa Isiolo wanakoishi pamoja Waborana, Wasomali, Wameru na Waturkana, wanawake huvaa madera na diraa za vitambaa laini vinavyochambuka upesi, na hijabu za jezi ambazo huvutika na kujikunja. Nguo hizi zinahitaji mashine ya pili.

Cherehani za mwanzo hazikuja na dawa ya ukingo. Elias Howe alipewa hataza Marekani mwaka 1846, Isaac Singer akapewa yake 1851, na mashine zao zilishona mstari tu, uzi wa juu ukijifunga na wa chini ndani ya kitambaa. Kampuni ya Singer ikaanza kuuza kwa malipo ya polepole katika miaka ya 1850, na cherehani yake nyeusi ikafika hadi baraza za maduka ya Afrika Mashariki. Nayo inastahili heshima yake yote. Lakini ukingo ulibaki kazi ya mkono: kuukunja mara mbili, au kuuzungushia sindano kidogo kidogo. Dera pana lina mita nyingi za ukingo, na kwa mama anayeshonea nyumbani mita hizo ni kazi ya usiku, watoto wakishalala. Wanaoandika historia ya cherehani mara nyingi huziruka saa hizo, na mimi naona hapo ndipo penye habari yenyewe.

Helen Blanchard, mwanamke wa Maine, alipata hataza ya mshono wa zigizagi mwaka 1873. Zigizagi husaidia, ila haikati kitambaa. Jibu kamili lilitoka Connecticut, kwa familia ya Merrow, waliogeukia ufumaji baada ya kinu chao cha baruti kulipuka. Mwaka 1881 walikuwa na mashine ya kumalizia kingo za nguo za kufuma, ndugu za jezi tunazovaa leo.

Mashine ya aina hii ndiyo ovaloki. Haina bobini ya uzi wa chini. Nyuzi tatu au nne hushuka kutoka kwenye vibiringo vilivyosimama juu yake. Kando ya sindano kuna kisu kidogo: kitambaa kinapopita, kisu hukata ukingo uliochambuka, utepe mwembamba huanguka sakafuni, na papo hapo vyuma viwili vilivyopinda huuvika ukingo uzi juu na chini. Kukata, kushona na kufunga ukingo hufanyika kwa mpito mmoja.

Kwa miongo mingi mashine hii ilikaa viwandani. Wajapani ndio walioipunguza umbo katika miaka ya 1960 ikatosha meza ya nyumbani. Baadaye China ikaeneza kichwa kidogo cha nyuzi tatu kinachofungwa mota au meza ya kukanyaga kwa miguu. Hiyo ya miguu ina thamani kubwa, maana stima ikikatika kazi haisimami.

Kisha, pamoja na madera, kukaja kazi ya sare za shule. Januari 2003 Kenya ilipofuta karo ya shule za msingi, watoto walifurika madarasani, na sare bado ilikuwa juu ya mzazi. Kaptura ya mtoto anayecheza kwenye vumbi kutwa ndiyo mtihani mkali wa ukingo. Mshonaji asiye na ovaloki hupeleka vipande kwa mwenye nayo na kulipia kila nguo. Aliye nayo humaliza nyumbani, na malipo ya majirani humwingia yeye.

Ugumu wa ovaloki ni kuitunga uzi. Zipo njia zilizofichika nyuma ya vyuma, na zina mpangilio: ukikosea moja, mshono haushiki. Ndiyo maana mafundi wazoefu, wakibadilisha rangi, hawauchomoi uzi wa zamani. Huukata karibu na kibiringo, hufunga mpya kwenye ncha yake, kisha huuvuta polepole hadi fundo lipite kwenye vyuma vyote. Likifika kwenye sindano hulikata, maana tundu lake ni dogo, na uzi wa sindano huutunga kwa mkono.