Ngoma 35 za Bweranyange

Jumba la muziki la Karagwe halikuwa na paa moja wala viti vya watazamaji. Lilikuwa kikale, yaani ikulu, cha Omukama (mfalme), huko Bweranyange: ua ndani ya ua, wigo nyuma ya wigo, na katika ua wa tatu nyumba ya Omukama mwenyewe, Rumanyika Orugundu. Wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, zilizotenganishwa mwaka 2012, enzi hizo zilikuwa chini ya utawala mmoja wa ukoo wa Wahinda.

Mwezi ulipoandama mwishoni mwa 1861, wapelelezi wa Nile John Hanning Speke na mwenzake James Grant walialikwa kikaleni. Mbele ya nyumba walikuta ngoma 35, kubwa kwa ndogo, zimepangwa safu moja, kila moja na mpigaji wake. Rumanyika alikaa mlangoni, kavaa taji la shanga lenye manyoya mekundu. Ngoma zote zikalia kwa pamoja, na Speke, ambaye hakuwa mwepesi wa kuwasifu Waafrika, aliandika kwamba zilipatana vizuri sana. Zilipotulia likaingia kundi dogo la ngoma za mkono na filimbi za matete.

Kilichofuata ndicho kinachoonyesha ngoma zile zilikuwa na kazi gani. Wakuu walijongea mmoja mmoja, mkononi fimbo ya kupigia ngoma, wakaapa kwamba hawatamkimbia adui wa Omukama, kisha wakapiga magoti na kuinyoosha fimbo ile ili Rumanyika aiguse. Utii wa nchi nzima ulipitia kwenye kijiti cha mpiga ngoma. Hata kiti chenyewe kilipatikana hivyo: Speke alisimuliwa kwamba Ndagara, baba yake Rumanyika, alipofariki, wanawe watatu waligombea urithi wakawekewa ngoma ndogo iliyosheheni dawa, na ni Rumanyika peke yake aliyeweza kuiinua. Kwa hiyo naona tunaipunja Bweranyange tunapoitaja kama kituo cha wapelelezi wa Nile tu.

Upande wa pili wa muziki huo ulikuwa wa sauti ya chini. Speke aliondoka Januari 1862 kwenda Buganda. Grant, mguu ukiwa na kidonda kibaya, akabaki hadi Aprili. Mgonjwa asiyeweza kutembea husikiliza. Alichokisikia ni enanga, ubao uliochimbwa kama sinia refu na kufungwa nyuzi saba au nane zinazokwenda huku na huku. Alimsikia bibi mmoja mzee akiipiga, akazipima nyuzi zake kwa sikio: kati ya saba, sita zilikuwa sawasawa kabisa, moja tu ndiyo iliyokosea. Vitabu vimehifadhi majina ya wageni wote wawili, lakini jina la bibi huyo hakuna aliyeliandika, na hilo linaniuma kuliko kubomoka kwa wigo wowote.

Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika iliondoa utawala wa machifu, na ngoma za kuapia zikakosa mwenyewe. Enanga haikuhitaji kikale. Mpaka leo inapigwa Kagera, na wapigaji wake bado wanaimba habari za watawala na vita vya zamani.