Bunduki mpakani: Sheria inasema nini, na kwa nini wengi bado wanazificha

Kila tunapozungumzia wizi wa mifugo hewani, swali moja hurudi kwa simu na kwa ujumbe mfupi: "Nikisalimisha bunduki leo, kesho nani atanilindia ng'ombe?" Ni swali la haki, na dakika tatu za taarifa ya habari hazitoshi kulijibu. Ndiyo maana tumeandika makala hii. Inaeleza bunduki zilivyofika mpakani mwa Kenya na Uganda, nani anaruhusiwa kuwa nazo, kilichotokea kila serikali ilipojaribu kuzikusanya, na hatua ambazo mfugaji anaweza kuchukua bila kuhatarisha maisha yake wala uhuru wake.

Tunazungumzia hasa Turkana na Pokot Magharibi upande wa Kenya, na Karamoja upande wa Uganda. Jamii za hapa zinashiriki malisho, visima na ndoa kuvuka mpaka.

Bunduki zilitoka wapi?

Wizi wa mifugo ulikuwepo kabla ya bunduki. Wazee wanakumbuka mikuki na mishale, na wanakumbuka pia kwamba wakati huo ilikuwa vigumu kwa watu wachache kumaliza kijiji kizima usiku mmoja.

Mwaka 1979 utawala wa Idi Amin ulianguka nchini Uganda. Wanajeshi walikimbia kambi ya Moroto, na ghala la silaha likaachwa wazi. Wakaramojong walijichukulia bunduki kwa wingi, na jamii jirani ambazo hazikuwa nazo zikaanza kuzitafuta ili zisizidiwe nguvu. Vita vya Sudan na Somalia viliongeza silaha nyingine, na bunduki ikawa bidhaa ya kubadilishana kwa mifugo.

Risasi nazo zina hadithi yake. Mwaka 2008, shirika la utafiti la Small Arms Survey lilichunguza risasi zilizokuwa mikononi mwa raia Turkana Kaskazini. Liligundua kuwa karibu nusu yake zilitoka kwenye akiba za serikali ya Kenya yenyewe. Kwa hiyo silaha haramu haziletwi na wafanyabiashara wa magendo peke yao. Nyingine huvuja kutoka kwa wale waliopewa kulinda.

Shirika hilo hilo lilikadiria mwaka 2018 kwamba raia nchini Kenya wana takriban bunduki 750,000. Zilizosajiliwa hazikufika hata 10,000.

Nani anaruhusiwa kuwa na bunduki?

Nchini Kenya, raia hana haki ya moja kwa moja ya kumiliki bunduki. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka apate cheti kutoka Bodi ya Leseni za Bunduki. Bodi humchunguza mwombaji, humuuliza sababu, na inaweza kumnyima au kumpokonya cheti baadaye.

Bunduki za kivita kama AK-47 haziingii katika utaratibu huo. Mfugaji hawezi kwenda ofisini kuomba cheti cha AK-47 kwa kuwa ameibiwa ng'ombe. Akipatikana nayo atashtakiwa, na kifungo chake ni cha miaka mingi. Tufahamu pia kwamba risasi peke yake ni kosa. Mtu aliyezika bunduki porini lakini akabaki na risasi mfukoni hajajiokoa.

Na polisi wa akiba je?

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Polisi wa akiba, wanaojulikana kwa herufi NPR na ambao wazee wengi bado wanawaita homgadi, ni wakazi wa eneo wanaojitolea kusaidia polisi. Wanatambuliwa na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011. Wanapewa bunduki na risasi, na kazi yao ni kulinda pale wanapoishi.

Bunduki hiyo ni ya serikali. Si ya familia wala ya ukoo, na mwenye nayo akifariki haigawanywi kama urithi. Ina nambari, na risasi zake zinapaswa kuhesabiwa. Polisi wa akiba akiikodisha kwa vijana wanaokwenda kuvamia, au akiuza risasi, anafanya uhalifu kama mtu mwingine yeyote.

Lakini tuseme pia upande wao. Wengi wametumikia miaka mingi bila mshahara, wakiacha mifugo yao wenyewe ili kufuata nyayo za mifugo ya wengine. Mtu mwenye bunduki mkononi na njaa nyumbani yuko kwenye majaribu makubwa.

Mwaka 2019 serikali iliwanyang'anya polisi wa akiba bunduki ili iwachuje upya, kwa madai kuwa baadhi walikuwa wakizitumia vibaya. Maeneo mengi yakabaki bila ulinzi wa karibu, na malalamiko yakawa mengi. Kuanzia 2023 kikosi kilianza kuandikishwa na kufunzwa upya katika kaunti za Kaskazini mwa Bonde la Ufa.

Kwa nini polisi hawafiki?

Fikirieni ukubwa wa eneo. Kaunti ya Turkana ina zaidi ya kilomita za mraba 68,000, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 926,976. Kutoka kituo kimoja cha polisi hadi kingine inaweza kuwa mwendo wa siku nzima kwa miguu. Barabara nyingi ni mikondo ya mito ya msimu, na mtandao wa simu hukatika pale pale unapohitajika.

Wavamizi wanalijua jambo hilo. Wanapiga alfajiri, na kabla jua halijawa kali mifugo iko bondeni au ng'ambo ya mpaka, mahali ambapo polisi wa Kenya hawawezi kuingia bila idhini.

Tena polisi wenyewe hufa. Mwezi Novemba 2012, maafisa zaidi ya 40, wakiwemo polisi wa akiba, waliuawa katika bonde la Suguta karibu na Baragoi walipokuwa wakifuata mifugo iliyoibwa. Mwaka 2014, maafisa wapatao 20 waliuawa kwa shambulio la kuvizia huko Kapedo. Baada ya matukio hayo, afisa anayeambiwa aingie bondeni na gari moja na watu sita ana sababu ya kusita.

Oparesheni za kukusanya silaha zimefundisha nini?

Zimekuwa nyingi. Uganda ilianza mpango wake Karamoja mwishoni mwa 2001, kwanza kwa hiari kisha kwa nguvu. Ikarudi na msako mkali kuanzia 2006, na tena Julai 2021 kwa oparesheni iliyoitwa Usalama kwa Wote. Kenya ilikuwa na Dumisha Amani kuanzia 2005, halafu Februari 2023 ikaanzisha Maliza Uhalifu katika kaunti sita: Turkana, Pokot Magharibi, Baringo, Elgeyo Marakwet, Samburu na Laikipia. Mara hiyo jeshi liliungana na polisi, amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa, na wenye silaha wakapewa siku tatu kuzisalimisha.

Mafunzo ni haya matatu.

La kwanza, kunyang'anya upande mmoja ni kuuweka upande huo machinjoni. Mwaka 2002 kule Karamoja, baadhi ya waliosalimisha bunduki walivamiwa na majirani ambao bado walikuwa nazo. Walichojifunza hapo ni kwamba ahadi ya ulinzi si ulinzi. Habari za namna hiyo hazisahauliki haraka, na ndizo zinazowafanya watu wafukie bunduki badala ya kuzipeleka kwa chifu.

La pili, mpaka haugawanyi tatizo. Oparesheni ikiwa kali upande mmoja, silaha na mifugo huhamia upande wa pili. Ndiyo sababu nchi za eneo hili zilitia saini Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo mwaka 2004, na Septemba 2019 marais wa Kenya na Uganda walishuhudia makubaliano ya amani ya mpakani mjini Moroto.

La tatu, nguvu isiyochagua huharibu imani. Wanakijiji wote wakipigwa kwa kosa la vijana watano, siku ya pili hakuna atakayewataja hao watano.

Ukivuka mpaka na bunduki

Hili tunalisisitiza kwa wafugaji wa Turkana, kwa sababu gharama yake imeshaonekana. Machi 2022, wataalamu wa madini waliokuwa kazini Moroto waliuawa pamoja na wanajeshi waliokuwa wakiwalinda, na Uganda ikawalaumu wavamizi kutoka Turkana. Aprili 2023, mahakama ya kijeshi mjini Moroto iliwahukumu Waturkana 32 kifungo cha miaka 20 kwa kupatikana na silaha. Mwezi uliofuata, Rais Yoweri Museveni alitoa amri ya kuwapa wafugaji wa Turkana miezi sita kuacha kuingia na bunduki, la sivyo wafukuzwe na mifugo yao.

Ukiwa malishoni Uganda, huwezi kujitetea kwa kusema kuwa bunduki ni ya kulinda ng'ombe, hata kama ni kweli. Polisi wa akiba pia asidhani kibali chake kinavuka mpaka. Hakivuki.

Ukitaka kusalimisha silaha, fanyeje?

Usiende peke yako na usiende usiku. Mtu anayetembea gizani na bunduki kuelekea kambi ya polisi anaweza kupigwa risasi kabla hajasema neno.

Anza na mtu unayemwamini: mzee wa kijiji, chifu, padri, mchungaji au sheikh, au mjumbe wa kamati ya amani. Yeye azungumze na kituo kwanza, ipangwe saa na mahali. Bunduki itolewe risasi.

Uliza kabla kama kuna muda wa msamaha uliotangazwa. Wakati wa msamaha, serikali huahidi kutomshtaki anayesalimisha kwa hiari. Nje ya muda huo hakuna ahadi ya moja kwa moja, kwa hiyo umuhimu wa kutanguliza mjumbe ni mkubwa zaidi.

Hakikisha tukio limeandikwa katika kitabu cha matukio, na uondoke na nambari ya OB. Iandike na uitunze.

Na jambo kubwa kuliko yote: pale inapowezekana, salimisheni kama jamii, pamoja na majirani wa upande wa pili, na mdai mpango wa ulinzi utangulie. Hilo si ukaidi. Ni somo la Karamoja.

Mkivamiwa

Piga simu mapema, hata kabla ya kuhesabu hasara yote. Nambari 999 na 112 ni za dharura. Chifu na kituo cha karibu wajulishwe, na kamati ya amani ya ng'ambo pia, kwa kuwa mara nyingi wao ndio wanaojua mifugo imepitia wapi.

Toa habari zinazosaidia: saa, upande walikoelekea, idadi ya mifugo, rangi na chapa. Msikanyage nyayo. Chapa ina uzito wa pekee, kwa kuwa ng'ombe wasio na alama hupakiwa kwenye lori na kufika sokoni kabla mtu hajathibitisha ni wa nani.

Msisambaze picha za maiti wala ujumbe wa sauti usiojulikana umetoka kwa nani. Mashambulizi ya kulipiza kisasi yanaweza kuanzia kwenye uvumi, na anayelipa kisasi mara nyingi huwapata watoto na wanawake wa watu wasiohusika.

Ukiwa na taarifa kuhusu anayeuza silaha na unaogopa kujulikana, idara ya upelelezi ina laini ya bure ya Fichua kwa DCI, 0800 722 203.

Polisi wakikukosea

Katiba ya Kenya, kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, isipokuwa siku isiyo ya mahakama ikiingia kati. Polisi wakiua au wakimjeruhi mtu vibaya, mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA, ina wajibu wa kuchunguza. Andika tarehe, mahali, nambari ya gari na majina ya mashahidi kabla kumbukumbu haijafifia. Aliyejeruhiwa apate matibabu na karatasi ya hospitali.

Je, amani bila bunduki inawezekana?

Jibu liko ndani ya eneo letu. Desemba 1973, Waturkana na Wamatheniko walikutana Lokiriama, karibu na mpaka, wakazika silaha ardhini na kuapa kutoshambuliana. Makubaliano yale hayakuandikwa na wageni. Yalifanywa na waliokuwa wamezika watoto wao. Hadi leo watu kutoka pande zote mbili hukutana hapo kila mwaka kuyakumbuka, na ingawa kumekuwa na uhalifu baadaye, undugu wa Lokiriama bado unatajwa pale mzee anapotaka kuwarudisha vijana nyuma.

Tofauti ya Lokiriama na oparesheni nyingi ni kwamba pande zote mbili ziliweka chini silaha mahali pamoja, kila mmoja akimwona mwenzake. Mfugaji anayetuuliza nani atamlindia ng'ombe hapingi sheria. Anauliza ni lini na jirani yake ataweka chini bunduki, na ni nani atakayekuwepo siku inayofuata. Hilo ndilo swali la kuuliza kwenye baraza, mbele ya chifu, mbunge na kamishna wa kaunti, kila wanapokuja kuomba silaha.