Yamaha FJR1300: programu juu ya magurudumu mawili

Wengi wakisikia FJR1300 huuliza spidi tu. Mimi naandika programu, kwa hivyo naisoma kama historia ya kompyuta.

Ilipotoka mwaka 2001 ilikuwa na injini ya silinda nne, sentimita za ujazo 1,298, na shafti badala ya cheni. Msafiri wa mbali hakuwa na cheni ya kupaka oili. Kazi ya kompyuta ilikuwa kuzipimia silinda petroli.

Mwaka 2013 mambo yalibadilika. Ukubwa wa injini ulibaki ule ule, lakini sasa kompyuta ndiyo ikawa inasoma mkono wa eksileta, na kupunguza nguvu tairi la nyuma likianza kuteleza. Mwenye ile ya 2001 hawezi kupakua uwezo huo. Eksileta yake huvutwa kwa waya. Mwaka 2016 ikaongezwa gia ya sita.

Sasa fikiria mvua, kona, na mashine inayokaribia kilo 300. Programu yangu ikikwama, unaiwasha upya. Hii ikikosea, mtu yuko chini. Hapo hakuna kusema "tutarekebisha toleo lijalo".