Kijana wa Pwani na maabara za Ziwa

Wazazi huniuliza: mwanangu anasomea biolojia chuo kikuu, likizo ndefu ya Mei hadi Agosti afanye nini? Jibu langu ni moja: aombe nafasi ya kujifunza utafiti. Na asiishie Mombasa na Kilifi. Kisumu na ufuo wa Ziwa Victoria kuna milango ambayo vijana wetu hawaibishi hodi.

Wa kwanza ni KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba iliyoundwa 1979. Kituo chake cha Kisian, nje kidogo ya Kisumu, huchunguza malaria, kifua kikuu na Ukimwi. Majaribio ya Siaya, Kombewa na kwetu Kilifi yalichangia chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2021.

Wa pili ni KMFRI. Makao makuu yako Mombasa, lakini kituo cha Kisumu hufuatilia sangara, omena na gugumaji. Mtoto wa mvuvi wa Lamu hatakuwa mgeni huko.

Wa tatu ni icipe, kambi ya Mbita, kaunti ya Homa Bay. Mwaka 2020 watafiti wake walitangaza Microsporidia MB, kijidudu kinachoishi ndani ya mbu na kumzuia asibebe vimelea vya malaria.

Mwombaji aandae barua ya chuo, wasifu, nakala ya matokeo na, mara nyingi, bima ya ajali. Aanze mapema, miezi kadhaa kabla ya likizo.

Kikwazo ni pesa. Nafasi nyingi hazina posho, na chumba Kisumu hulipiwa. Marekani, mpango wa REU ulioanza 1987 humpa mwanafunzi posho, na mara nyingi malazi, ukiwalenga pia walioachwa nyuma. Lakini ni wa raia na wakaazi wa kudumu wa huko. Jamaa zetu waliohamia wauulizie.

Kwetu, Kifungu cha 56 cha Katiba ya 2010 kinaahidi jamii ndogo na zilizotengwa nafasi maalumu za elimu. Hata hivyo, kijana wa Kibajuni au wa jamii ya Aweer anaweza kukubaliwa Kisian akashindwa na nauli. Basari zetu nyingi huishia kwenye karo. Rai yangu kwa kaunti, misikiti na vyama vya wenyeji: tengeni fungu la nauli, chumba na chakula cha miezi mitatu. Inshallah, mtafiti wetu ajaye atatoka hapo.