Mafuta ya Zeituni: Namna ya Kuyahifadhi Njiani na Dukani, Mueda hadi Diaca

Mafuta ya zeituni, yanayojulikana kwa jina la Kireno azeite katika maduka ya Cabo Delgado, ni bidhaa ya bei kubwa inayoharibika kimya kimya. Hayaongezeki ubora kwa kukaa. Mfanyabiashara anaweza kuuza mzigo ambao tarehe yake haijapita na bado akarudishiwa chupa na wateja.

Diaca ipo wilaya ya Mocímboa da Praia, kwenye barabara inayotoka nyanda za juu za Mueda kwenda pwani. Mzigo unaotoka Tanzania kupitia Daraja la Umoja kati ya Mtambaswala na Negomano, lililozinduliwa Mei 2010, huingia wilaya ya Mueda kabla ya kushuka Diaca. Kadiri lori linavyokaribia pwani ndivyo joto linavyozidi. Aidha, tangu mashambulizi ya Oktoba 2017 mjini Mocímboa da Praia, wasafirishaji wa eneo hili wanajua kuwa safari inaweza kusimama ghafla. Siku za kusubiri juani nazo zihesabiwe katika umri wa mafuta.

Yanayoharibu mafuta

1. Joto. Nyuzi 15 hadi 20 za Selsiasi ndizo zinazofaa. Kwa makadirio, kila nyuzi 10 zinapoongezeka, kasi ya kuharibika huwa karibu mara mbili. Hivyo mafuta yanayokaa chini ya bati lenye nyuzi 30 na zaidi yanaweza kumaliza muda wa mwaka mmoja ndani ya miezi sita hivi.

2. Mwanga. Rangi ya kijani iliyomo kwenye mafuta husaidia mwanga kuyaharibu. Chupa nyeupe iliyopangwa barazani huvutia macho, lakini hupoteza ubora haraka. Makopo ya bati na chupa za rangi nzito ni salama zaidi.

3. Hewa. Dumu lililobaki nusu lina hewa nyingi juu ya mafuta. Chombo kikishafunguliwa, mafuta yatumike ndani ya mwezi mmoja hadi mitatu.

4. Vyombo. Shaba na chuma chenye kutu huharakisha uharibifu. Dumu lililowahi kubeba dizeli au mafuta ya taa lisitumike kabisa, kwani harufu haitoki hata likioshwa kwa sabuni.

Yasichanganywe na mazoea ya mafuta ya nazi

Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, na wauzaji huyaanika juani ili yayeyuke. Yanavumilia hewa na joto vizuri zaidi. Mafuta ya zeituni yakifanyiwa hivyo huvunda mapema. Yakiwa na ukungu au chembe kwa sababu ya baridi ya friji, hayajaharibika. Yaachwe kivulini yatarudi hali yake.

Wakati wa kupakia

Maboksi yawekwe juu ya mbao, mbali na sakafu ya chuma ya lori, na kufunikwa kwa turubai huku nafasi ya hewa ikiachwa katikati. Yasipakiwe pamoja na samaki wakavu, sabuni, mbolea au madumu ya mafuta ya gari, kwa kuwa mafuta hunyonya harufu. Lori likisimama kwa muda mrefu, liegeshwe kivulini. Ikumbukwe pia kuwa lita 20 zina uzito wa takriban kilo 18.3, anayenunua kwa kilo na kuuza kwa lita apige hesabu vizuri.

Kusoma lebo na karatasi

"Azeite virgem extra" ni daraja la juu, ambalo kwa kiwango cha Baraza la Kimataifa la Zeituni asidi yake haizidi asilimia 0.8. "Óleo de bagaço de azeitona" hutokana na makapi ya zeituni na ni ya bei ya chini. "Óleo alimentar" ni mafuta ya kupikia ya kawaida. "Consumir de preferência antes de" ni tarehe ya mwisho ya ubora. Kwenye forodha, mafuta ya zeituni huingia katika namba 1509, ya makapi 1510, na ya nazi 1513. Kuchanganya namba hizi huchelewesha mzigo mpakani, tena kwenye joto.

Kupima kabla ya kulipa

Rangi si kipimo. Funguo chombo kimoja, nusa, kisha onja kidogo. Mafuta mazuri hunukia kama majani mabichi na huwasha kidogo kooni. Yaliyovunda hunukia kama korosho kuukuu, na hakuna njia ya kuyarudisha.

Wenye maduka ya Diaca wanashauriwa kuagiza kiasi kinachoisha ndani ya miezi mitatu, kuandika tarehe ya kupokea juu ya kila boksi, na kuuza kwanza lenye tarehe ya mwisho iliyo karibu.